Siku Mtafsiri Aliponyamaza Kitaji

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Butiama! Na ninyi mliosimama mlangoni kwa kukosa viti, na ninyi akina mama mliotoka nje na watoto wanaolia, asifiwe na huko mliko. Naitwa Nyangeta. Wiki hii mmeniona nikipita na begi na shuka jeupe limekunjwa begani, na najua mmeulizana huyu anauza nini. Siuzi kitu. Nimepewa nafasi nishuhudie, na nitaanzia Bunda, asubuhi moja niliyotoka bila kujua ninakokwenda.

Nililala kwa shangazi yangu. Nikaamka, nikakunja shuka, nikachukua begi, nikatoka. Shangazi alikuwa anafagia uwanja.

"Umeanza tena," akasema.

"Naenda, shangazi."

"Hivi unaendaga wapi, Nyangeta?"

"Nitajua nikifika barabarani."

Hakunizuia. Aliendelea na kazi yake, na nilipogeuka nyuma niliona ufagio umeshafuta nyayo zangu.

Ndugu zangu, hayo ndiyo yalikuwa maisha yangu. Mama alifariki nikiwa kidato cha kwanza na sikurudi shule. Tangu hapo, kila nilipokaa, kitu kilinijia. Kilikuja asubuhi, kifuani, kama mtu ameniwekea jiwe la kusagia. Chakula kikakosa ladha. Watu wakiongea mbele yangu nilisikia kama wako ng'ambo ya ziwa. Dawa niliyoijua ni moja, kuondoka. Nikifika mji mgeni nilikuwa na mengi ya kuuliza, maana mimi ni mtu wa kuuliza. Nimewasumbua mafundi wa injini za boti, wachoma matofali, hata daktari wa ng'ombe aliyekuwa ameingiza mkono wote ndani ya mfugo. Udadisi ulinibeba kwa muda, kisha jiwe likajua ninapokaa. Ndiyo maana begi langu sikuwahi kulitoa vitu vyote. Nililifanya mto wa kulalia.

Watu walinipa sababu nyingi. Shangazi alisema ni uvivu. Jirani alisema marehemu mama ananiita. Ndugu fulani wa maombi walisema ni roho ya kutangatanga, wakaniombea, na sitawasema vibaya, kwa sababu nilifarijika kweli. Ila jiwe lilirudi. Nyumbani waliniita ng'ombe asiye na kengele: akipotea, hakuna anayesikia.

Basi siku hiyo lori lililopeleka magunia matupu kwa wafanyabiashara wa dagaa likanichukua. Dereva akaniuliza nashuka wapi. Nikamwambia, "Litakaposimama." Lilisimama Musoma. Nikapata chumba mtaa wa Kitaji, nikaanza kuuza karanga na mayai ya kuchemsha mlangoni pa banda la video la mzee mmoja anaitwa Masatu.

Mabanda haya mnayajua: mabenchi, televisheni kubwa, filamu za nje, na mtu mwenye maiki anayesema Kiswahili juu ya maneno ya wageni. Tunamwita mtafsiri, ingawa hatafsiri. Masatu hakujua lugha ya filamu hata moja. Aliangalia midomo na mikono ya watu akawatungia maneno. Polisi wa Ulaya akawa mtu wa Tarime, na jambazi akawa amekimbia na ng'ombe wa mahari. Watu walicheka mpaka wakalia.

Siku moja koo lilimkauka Masatu katikati ya mapigano. Filamu ile ya Kichina nilikuwa nimeichungulia mlangoni mpaka naijua kwa kichwa. Akanipa maiki kwa ishara.

"Huyu mama wa karanga anajua Kichina?" mmoja akauliza.

"Kwani Masatu anakijua?" mwenzake akamjibu, na banda zima likaangua kicheko.

Kuanzia hapo nikawa mtafsiri. Wanafunzi wa sekondari walinipenda, walijaa kila Jumamosi. Nikishika maiki nilikuwa hai. Nikiizima, jiwe lilikuwa linaningoja. Na msimu ule lilikuja zito kuliko siku zote, na mimi sikuwa tena na mji wa kulikimbilia. Nasema haya mbele za Mungu na mbele yenu: nilikuwa nimekata shauri kwamba Jumamosi ya wiki ile ikipita, sitakuwepo tena duniani. Sikumwambia mtu. Niliwachekesha watu huku moyoni ninawaaga.

Jumamosi ikafika. Banda limejaa. Masatu akaweka filamu mpya ambayo picha ya kwenye kasha ilionyesha familia inacheka mezani, tukadhani ni vichekesho. Lugha yake mpaka leo siijui. Mwanzoni nilichekesha. Kisha msichana wa ile familia akalala, akageukia ukuta. Mama yake akaleta sahani ya chakula, akaiondoa ikiwa imejaa. Akaileta tena, akaiondoa tena. Yule msichana hakusema neno, na mimi nikakosa la kumtungia. Ukuta ule niliujua.

"Mtafsiri, umelala?" kijana mmoja akapaza sauti.

"Karanga zake mwenyewe zimemkaba," mwingine akasema, wakacheka.

Nikasikia sauti yangu kwenye spika ikisema, "Huyu si mvivu." Kicheko kikapungua. Nikaendelea, na wala sikuwa nimepanga. "Huyu anaamka kabla ya jogoo, ila mwili unakataa. Wakimuuliza una nini, anasema sina kitu, kwa sababu hajui jina la kitu chenyewe. Anawapenda wote mezani pale. Anaona tu kama akiondoka watapumzika."

Nadhani walifikiri ninatafsiri.

Kutoka benchi la nyuma msichana mwenye sweta la shule akauliza, polepole, kama anaogopa jibu: "Halafu anafanyaje?"

Ndugu zangu, sikujua! Filamu ilikuwa inaendelea kwa lugha isiyojulikana na mimi sikujua mwisho wa msichana yule, wala wangu. Nikachukua rimoti, nikaisimamisha picha. Nikamwambia, "Sijui, mwanangu. Wewe ungemshauri nini?"

Akasema, "Amwambie mtu. Hata mmoja. Mimi sijawahi kumwambia mtu."

Jina lake Pendo. Watu walipotoka alibaki, akakusanya maganda ya karanga yasiyokuwa yake, akaniuliza, "Dada, yale uliyajuaje? Umeyasoma wapi?"

Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia, "Sikutafsiri. Nilikuwa najisema mimi."

Akaangua kilio, na mimi nikalia. Masatu aliingia kuzima mitambo, akatuona, akatoka tena. Akarudi na Mwalimu Wegesa, mama anayelea vijana katika kanisa moja kule Bweri. Mwalimu hakutukemea wala hakuanza na mahubiri. Alitupa uji kwanza. Nilimkumbuka yule nabii aliyechoka akajilaza chini ya mti akiomba afe, na malaika hakumhubiria. Alimwamsha ale.

Jumamosi ile ikapita, na mimi nipo! Nililala nyumbani kwa mwalimu, na asubuhi ya kliniki alitupeleka hospitali. Mama mmoja mpole akaniuliza maswali ambayo maisha yangu yote hakuna aliyeniuliza, mimi niliyeuliza watu wote. Mwisho akasema, "Dada, huu ni ugonjwa. Unaitwa sonona. Unatibika."

Nikamwambia, "Rudia."

"Sonona."

Nikalitamka neno lile njiani kote. Bodaboda akafikiri naongea na simu. Ninyi ni wafugaji, mtanielewa. Ng'ombe aliyepotea unamwita kwa jina lake. Ukisema tu "wewe, wewe," utazunguka vichaka mpaka giza. Jiwe langu lilikosa jina miaka yote ile, nikazunguka nalo mkoa mzima. Siku lilipopata jina ndipo lilipoanza kutii. Nilitumia dawa, nilikwenda kuzungumza na yule mama kila aliponiita, na niliomba. Mchungaji wa Bweri hakuniambia nichague kati ya maombi na kliniki. Alinisindikiza kote kuwili. Pendo naye alipata wake wa kuzungumza naye. Polepole chakula kikarudisha ladha. Siku niliyokula sato nikanyonya mpaka mifupa ya kichwa, Mwalimu Wegesa alipiga vigelegele jikoni.

Mimi na mwalimu tukamwomba Masatu banda lake Jumamosi asubuhi. Tukachagua filamu za vijana waliopita kwenye magumu: aliyefeli mtihani, aliyefiwa, anayechekwa na wenzake, anayepigwa nyumbani. Tunaonyesha mpaka pale mzigo unapokuwa mzito kabisa, kisha tunasimamisha picha. Maiki inazunguka. Kila kijana anayetaka anamsemea mtu wa kwenye filamu. Sheria yetu ni moja: hakuna kumuuliza mtu, "Ni wewe?" Yanayosemwa ni ya yule wa kwenye picha. Ndugu zangu, mngesikia watoto wanavyosema! Mtoto ambaye darasani hajibu hata jina lake, akipewa mdomo wa mtu mwingine anatoa moyo wake wote mezani. Anayehitaji zaidi, mwalimu anamfuata taratibu na kumpeleka anakosaidiwa.

Wazazi wengine hawakupenda. Baba yake Pendo, muuza samaki sokoni, alikuja siku moja katikati ya kipindi.

"Nimemfuata mwanangu," akasema. "Video inafundisha nini zaidi ya ngumi?"

"Karibu, baba," Mwalimu Wegesa akamwambia. "Kaa kidogo, ikiisha mtaondoka wote."

Akakaa benchi la nyuma, kofia mkononi. Kwenye picha palikuwa na baba na binti wanakula bila kuongea. Nikaisimamisha. Maiki ikaenda kwa Pendo, naye hakuwa amemwona baba yake. Akamsemea yule binti: "Baba, kila muhula unaniuliza nimeshika nafasi ya ngapi. Siku moja niulize nimelalaje."

Nikauliza nani atamjibu kwa niaba ya baba. Nyuma mtu akasema, "Lete hicho chombo."

Baba yake Pendo alisimama akiitazama televisheni, wala hakumtazama binti yake. Maiki aliishika kama anashika samaki mwenye miiba. Akasema, "Mwanangu, mimi nilidhani ukimya wako ni adabu. Najisifu kwa watu sokoni, nawaambia, mwanangu hana neno. Kumbe maneno unayo. Uyaseme. Nitakaa chini nisikie."

Akakaa. Hakuna aliyegeuka kumtazama Pendo, maana hiyo ndiyo sheria yetu. Lakini walipotoka, mzee yule aliubeba mkoba wa madaftari wa binti yake begani, barabarani, watu wakiona. Leo Pendo anamaliza sekondari, na nisipokuwepo yeye ndiye mtafsiri. Masatu analalamika kwamba ananishinda kwa kuchekesha.

Je, jiwe limekwisha? Kuna asubuhi linabisha hodi. Sasa nalijua jina, na najua wa kumpigia simu. Mtu aliyekuwa anaiaga dunia leo anawasalimu kwenye kanisa hili. Haleluya!

Walimu wa huku walipomwomba Mwalimu Wegesa awaletee kipindi hiki, nilijitolea mimi. Niliaga Musoma, nikamwambia kila mtu ninakokwenda na kwa nini. Nilimpigia hata shangazi Bunda. Akasema, "Leo unajua unakokwenda? Ngoja nikae." Kisha akaniombea kwenye simu.

Nilifika hapa Butiama jioni jua likiwa bado lipo, nikaelekezwa kwa Bibi Wakuru aliyekaa pale mbele na kitambaa cha bluu. Akanionyesha chumba: kitanda, dirisha, ukuta uliopakwa chokaa. Akaniuliza, "Wewe ni wa kupita au wa kukaa?"

Nililitazama begi langu. Nikamwambia, "Bibi, naomba msumari."

"Msumari wa nini jioni hii?"

"Nitundike nguo zangu."

Akaniletea misumari miwili na jiwe la kugongea. Nikasema mmoja unatosha. Akasema, "Gonga yote. Huo mwingine ni wa atakayekuja kwako."

Nimegonga yote. Begi langu ni tupu, liko chini ya kitanda, na nalala kwenye mto. Ndugu zangu, kama upo hapa na jiwe kifuani, au nyumbani una mtoto anayesifiwa kwamba hana neno, Mungu aliyenisikia kwenye banda la video anasikia na hapa. Mwamini, na umwambie mtu. Jumamosi asubuhi tutatundika shuka jeupe darasani, tuonyeshe filamu juu yake. Na wewe ambaye huwezi kungoja Jumamosi, njoo kwa Bibi Wakuru leo hii. Msumari wa pili bado hauna kitu.