Biasha Isihaka, Mdarizi wa Kofia Aliyejisemesha

Asalaam alaykum ndugu wafiwa, majirani wa hapa kijijini Janga na wageni wetu mliotoka Kisarawe. Familia inaomba radhi mapema, maana historia hii itasomwa vibaya, msomaji wake ni Latifu, mdogo wa marehemu, mnayemjua kwa vichekesho vya jukwaani, mtu aliyezoea kusimama mbele ya watu waliolipa kiingilio, na leo mmekaa hapa bure, tena mmeanza kulia kabla hajafungua mdomo. Mtamvumilia.

Marehemu Biasha binti Isihaka Mwinyimadi alizaliwa tarehe 14 Agosti 1966, Maneromango, Kisarawe, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Isihaka na Bi Hajra, ambao wote wametangulia mbele ya haki, na Latifu akafuata miaka minane baadaye, akabebwa mgongoni na dada yake huyo mpaka miguu ikawa inaburuzika chini.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, na alipomaliza darasa la saba shangazi yake, Bi Mwanaamina, akamfundisha kudarizi kofia za mkono, kazi ambayo wengi wetu tunaijulia kichwani tu, kumbe mwenzetu anachora maua kwa penseli juu ya kitambaa cheupe cha bafta, anatoboa vitundu mia kadhaa kwa sindano, kila kitundu anakizungushia uzi, na kofia moja inaweza kula miezi minne.

Kushona hakukumtisha, kilichomtisha ni ile bafta tupu kabla ya mstari wa kwanza, ndipo akajizoesha kujisemesha, kwa jina lake, kama mama anavyombembeleza mtoto: "Biasha mwanangu, hujashindwa, umechoka tu. Chora mstari mmoja, huo wa pili tutauzungumza." Akishauchora anajisifu: "Si huo hapo? Nani alisema huwezi?" Na hapo mkono unakimbia wenyewe.

Tarehe 5 Septemba 1987 aliolewa na Bwana Faraji Maulidi, mkulima wa hapa Janga, ambaye wiki ya kwanza ya ndoa alirudi kutoka shambani, akamsikia mkewe anaongea chumbani, akaamini kuna wageni wa kike, akakaa nje na jembe lake tangu saa tatu hadi adhana ya adhuhuri akisubiri watoke, njaa inamsokota, na alipoambiwa ukweli akasema, "Basi mwambie huyo mgeni wako, siku nyingine anipishe nile." Mwenyezi Mungu akawajaalia watoto watatu, Raudha, Kudra na Maulidi, na kwa miaka ishirini na tano mama yao akadarizi kofia zaidi ya arobaini, hakuna mbili zilizofanana, za masheikh wa Kisarawe, za mabwana harusi wa Mlandizi na Soga, na baadhi yenu mmezivaa hapa.

Mwaka 2012, Idi pili, katika ukumbi mmoja pale Mlandizi, Latifu alipanda jukwaani amejifunga kanga, kofia na sindano mkononi, akamwigiza dada yake, sauti ileile, shingo ileile, watu wakacheka mpaka viti vikaanguka, wakarekodi kwenye simu, na haikupita wiki Janga nzima ilikuwa na maneno yale mdomoni, dada akienda sokoni wauza nyanya wanamwimbia, "Hujashindwa mama, umechoka tu!" Hakugomba. Alimwambia mdogo wake, "Umenipatia kweli," akamwandalia chai. Ila tangu hapo hakujisemesha tena, wala hakuchora ua jipya, akawa ananakili yale ya zamani.

Latifu aliyajua hayo mwaka 2017, alipoelezwa na Raudha, kwamba baba yake, Bwana Faraji, ambaye miaka yote alivaa kofia za dukani kwa kuwa za mkewe zilikuwa na wenyewe walioziagiza, alikuwa ameomba ya kwake moja, yenye ua jipya, kichwa kikapimwa, bafta ikakatwa, na miezi saba ilikuwa imepita bila hata nukta. Latifu akaja mbio, akaapa mchezo ule hauchezi tena, akamsihi dada ajisemeshe kama zamani. Dada akamjibu taratibu, "Najaribu, mdogo wangu. Ila nikijiita Biasha naisikia sauti yako, halafu nawasikia watu wanacheka."

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua, akahudhuria kliniki kwa miaka miwili na ushei, na tarehe 3 Februari 2025 akalazwa hospitalini Kibaha, bafta ile ikiwa imekunjwa chini ya mto wake. Jumamosi tarehe 8, mchana, Latifu aliinama sikioni mwake ili sasa yeye ndiye amwambie maneno yale, bila utani, kwa sauti ya kawaida, akafika kwenye "Biasha, hujashindwa," mgonjwa wa kitanda cha jirani akamtambua, akaangua kicheko, wodi nzima ikadakia, na Latifu, kwa mazoea ya miaka mingi ya jukwaa, akanyamaza kusubiri kicheko kiishe ndipo amalizie. Kilipokwisha, dada alikuwa ameshafumba macho. Hakuyafumbua tena, na Jumapili tarehe 9 Februari, saa nne asubuhi, alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, ameacha mume, watoto watatu na bafta isiyo na mstari. Bwana Faraji yupo pale mbele, na kofia yake ya dukani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia usiku na mchana, majirani wa Janga mliochimba kaburi na kushika masufuria, kina mama wadarizi mliotoka Kisarawe, na wasanii mlioahirisha onyesho mje kuzika. Pumzika kwa amani, dada yetu, Mwenyezi Mungu akuthibitishe kwa kauli thabiti huko uendako. Na kama yupo aliyesahauliwa katika shukrani, atusamehe, orodha hii nimeiandika mimi Latifu mwenyewe, tangu jana natafuta pa kulipachika jina langu, sijapaona.