Rangi ya Kucha Kwenye Turbo ya Celestine Amolo

Ndugu waombolezaji, mimi ni Okinyi, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, ambayo nimeyahakiki mwenyewe kwa vyeti, kwa sababu katika nyumba yetu hakuna anayeamini jambo kwa kuambiwa tu.

Celestine Amolo alizaliwa tarehe 14 Machi 1967 huko Dunga, akaanza shule ya msingi hapo hapo mwaka wa 1974, akamaliza sekondari mwaka wa 1984, na mwaka wa 1988 akaanza kuuza mitumba sokoni Kibuye, ambako alijulikana kwa kugeuza mifuko ya kila koti na kuhesabu upya nguo za kila belo mbele ya aliyemuuzia. Tarehe 8 Desemba 1990 alifunga ndoa na Bwana Owiti, wakaishi Kaloleni, kisha Nyamasaria, na Mungu akawajalia Debra na Griffins.

Mwaka wa 2019 alinunua gari kuukuu lenye turbo, ile inayosukuma hewa kwenye injini, na Agosti 2023 likaanza kukosa nguvu kwenye mlima wa Riat na kutoa moshi mweusi. Kabla ya kulipeleka kwa Wandera, fundi wa magari na jirani yetu, aliipaka turbo alama ya rangi nyekundu ya kucha, ili akibadilishiwa ajue, na aliporudishiwa gari bado likiwa zito, akafungua boneti, alama haipo. Basi, akasema Wandera ameiba turbo nzuri na kumwekea mbovu, nami nikasimama kanisani Jumapili baada ya matangazo, nikamtaja kwa jina. Wateja wakamhama, na kufikia Krismasi gereji yake ilikuwa imefungwa.

Februari 2025 madaktari waligundua kwamba figo za dada zimechoka. Mwezi wa Aprili fundi mwingine alimwagia mabomba ya hewa maji ya sabuni injini ikinguruma, povu likatoka kwenye mpira mmoja uliopasuka, akaubadilisha, na gari likapanda Riat vizuri kwa turbo ile ile. Dada hakutulia. Alipaka rangi upya, akaendesha mwenyewe hadi Ahero na kurudi bila mtu kugusa boneti, akafungua, na rangi yote ilikuwa imeungua kwa joto.

Aliniambia haya akiwa wodini, akilia, akanituma kwa Wandera nikamwombe msamaha, nami nikashuku kwamba ni homa inayosema, nikanunua chupa ya rangi, nikapaka, nikaendesha hadi Maseno. Iliungua pia. Hata hivyo niliona haya kwenda, na tarehe 10 Oktoba 2025 dada aliponiuliza kama nimekwenda, nilimdanganya kwamba nimekwenda. Alifariki asubuhi iliyofuata.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Nyamasaria na wafanyabiashara wenzake wa Kibuye. Wandera naye yuko hapa, amesimama pale kwenye uzio, na alipofika leo nilituma mtu amfuate asije akalisogelea gari la dada, kumbe alikuwa ametuletea viti vya wageni. Bwana Wandera, hukuiba chochote, niliyekuharibia jina ni mimi, na ninakuomba msamaha mbele ya watu wale wale walionisikia kanisani.

Dada Celestine, sasa nimekwenda. Pumzika kwa amani.