Marehemu Eikichi Tamaru na Kitambaa Kilichokula Ubani

Mzee Eikichi Tamaru alizaliwa tarehe 3 Machi 1948 huko Katata, kando ya ziwa Biwa, mtoto wa pili wa msuka nyavu. Mama yake alisimulia kwamba alitoka tumboni akipiga chafya, na kwa jinsi tulivyomjua, twasadiki.

Alisoma hapo hapo Katata akamaliza Machi 1963. Kemia ilimpita kando. Mwenyewe alisema aliikimbia mlango wa mbele, kumbe ilikuwa inamsubiri wa nyuma.

Mwaka 1966 aliajiriwa kiwanda cha nyuzi mjini Otsu. Miaka kumi baadaye kiwanda kikaanza kutengeneza nyuzi za kaboni amilifu, ambazo nyumbani tuliziita kitambaa cha mkaa. Uzi huokwa pasipo hewa mpaka unakuwa mkaa, kisha hupigwa mvuke mkali unaoutoboa matundu yasiyoonekana kwa macho. Humo ndimo harufu hunasa. Kitambaa hicho huwekwa kwenye vichujio vya maji, kwenye barakoa, na kwenye mitambo ya kunasa mvuke wa rangi kwa wachapaji. Kikishiba hupashwa moto, kikatema chote, kikaanza upya. Marehemu alimweleza hayo kila mtu, hata daktari wa meno, huku kaachama.

Tarehe 20 Oktoba 1978 alimwoa Shigeno, akahamia kwao, maana nyumba ile haikuwa na mtoto wa kiume. Mama mkwe, Bi Tatsu, alikuwa bingwa wa kuchachusha samaki wa ziwa ndani ya wali, na harufu ya mapipa yake ilimpokea mgeni kabla ya mwenyeji. Kwa nia njema, marehemu akatandaza kitambaa jikoni, viatuni, ndani ya mito ya kulalia na, hapo ndipo alipoharibu, nyuma ya kabati la kuwakumbukia wafu wa nyumba, ili moshi wa ubani usichafue ukuta.

Wafu wetu hula harufu ya ubani. Asubuhi moja ya mwaka uliofuata Bi Tatsu akawasha kijiti, akanusa, akanusa tena.

"Eikichi! Mume wangu anakula nini?"

"Mama, si ubani huo unawaka?"

"Unawaka, haunukii! Tangu kiangazi umemlaza baba mkwe wako na njaa, na wewe kila siku unaongeza wali!"

"Nitamrudishia, mama."

"Usipomrudishia, utarudi Katata na matambara yako!"

Shigeno, mwenye mimba ya Chizuru, aliinamisha uso. Kama alilia au alicheka, hajasema mpaka leo.

Marehemu akambeba Bi Tatsu kwa baiskeli hadi kiwandani, kitambaa kikapuni, akakitia kwenye tanuru la kupashia. Ubani wa miezi ukafumuka kwa mkupuo. Msimamizi, Bwana Okubo, akaja mbio na ndoo akidhani hekalu linaungua. Alipomwona Bi Tatsu na picha ya mumewe kifuani, akavua kofia, akainama.

"Pole sana, mama. Amefariki lini?"

"Miaka tisa iliyopita."

Kisha akaielekeza picha kwenye tanuru. "Kula, mume wangu. Usile haraka."

Tangu siku hiyo Bi Tatsu alimwita Eikichi mwanangu.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2017. Alifariki hospitalini Otsu tarehe 11 Novemba 2019, akiwa na miaka 71, kichwa juu ya mto wake wa zamani wenye kitambaa cha mkaa, ambao hakuwahi kuupasha moto.

"Mama Chizuru, mto huu usiutupe," alimwambia mkewe. "Samaki wa mama wamo. Nywele zako zimo."

"Na miguu yako imo, ulivyokuwa unaikandamiza na huo mto!"

"Imo."

Ameacha mjane wake Shigeno, binti yake Chizuru na mume wa Chizuru, wajukuu wawili, na mdogo wake anayesoma haya. Mto umo jenezani. Moto wa kuuchoma mwili wake ukiwashwa, mto utatema yote, naye atasafiri akinukia nyumbani. Bwana Okubo ameomba kusimama karibu na tanuru, kofia mkononi.

Pumzika, Eikichi. Usile haraka.