Volti Kumi na Mbili na Birika la Shangazi

Benchi letu limeegemea ukuta wa gereji, na mbele yake hulala trekta la Shangazi, kuukuu, lenye umeme wa volti sita ambao asubuhi za baridi hauna nguvu ya kuzungusha injini. Hapo ndipo ilipozuka kanuni isiyoandikwa: sisi husukuma trekta hadi liwake, naye Shangazi hununua birika la kahawa. Asubuhi hiyo fundi umeme alikuwa ameinamia injini, akilihamishia volti kumi na mbili. Mvua zilikaribia, shamba halijalimwa, na Shangazi alitaka jibu moja tu: litawaka au haliwaki?

Jenerali, mlinzi mstaafu, alitangulia kutoa hukumu.

— Shangazi, mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Hili limelelewa kwa sita. Ukililisha kumi na mbili litavimbiwa.

— Tumbo liko wapi, Jenerali? aliuliza fundi. Nionyeshe nilipapase.

Kinyozi, ambaye ushahidi wake wote hutokana na mashine yake ya kunyolea, alidai kwamba umeme ukizidi, magurudumu ya nyuma yatayapita ya mbele. Alipoulizwa alikoliona jambo hilo, alijibu kuwa haraka haraka haina baraka, akajimiminia kahawa. Jenerali, asikubali kupitwa, akaongeza kwamba taa zitakuwa kali hata majogoo wa mtaa mzima wawike kabla watu hawajala cha jioni.

Fundi alieleza, bila kuinua kichwa, kuwa amebadilisha betri, dainamo, koili na balbu zote. Stata ya zamani, ile inayozungusha injini iwake, itastahimili, mradi isishikiliwe muda mrefu.

— Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, alionya Kinyozi.

— Maji ya betri nimeshayaangalia, mjomba.

Hapo akafika dereva mpya wa Shangazi, binti mwenye glavu mfukoni. Alisikiliza akiwa amesimama, kisha akauliza kwa adabu:

— Samahani, wazee wangu. Likiwaka lenyewe, kahawa atawanunulia nani?

Jenerali alichungulia kikombe chake. Kinyozi aligundua unywele kwenye mkono wa shati. Kwa haki, ni lazima isemwe kwamba hakuna shahidi hata mmoja aliyekuwa ametaja maslahi yake katika shauri hilo.

Binti alipanda, akabonyeza. Injini ilizunguka mara moja, ikakohoa moshi, ikanguruma. Lakini mazoea yana sheria yake: tayari tulikuwa nyuma, mikono kwenye madigadi, tukisukuma trekta lisilotuhitaji. Liliposhika mwendo, Kinyozi alibaki amekumbatia hewa, akamwangukia Jenerali, wote wawili chini. Shangazi alicheka hadi akashika ukuta.

Kisha akalitikisa birika. Tupu. Akalipeleka mwenyewe kujazwa, akarudi nalo likitoa mvuke.

— Kesho mkae tu, msisukume, alisema. Ila mje. Kahawa yangu haishuki bila kuwasikia mkikosea.