Gunia la Mchele na Wifi

Fundi cherehani hakuwa na nia ya kusikiliza, lakini wanawake wawili wa kiti cha mbele yake ndani ya basi hawakunong'ona. "Mchele wa gunia ni nafuu, dada. Hili litanifikisha hadi shule zifunguliwe," alisema mmoja wao, muuguzi, mguu juu ya gunia lake. "Nafuu kwa nani?" aliuliza abiria mwenzake. "Mimi hununua kilo mojamoja. Mawifi wakiona gunia, wanahamia."

"Nitalificha chini ya kitanda." "Na wifi yako akija hulala wapi?" Muuguzi alifikiri kidogo. "Kitanda hichohicho." Fundi aligeukia dirisha ili acheke kwa adabu.

Basi liliposimama, muuguzi alishuka na gunia lake. Mwanamke mwenye begi kubwa alikuwa akingoja kituoni. "Wifi yangu, lete nikusaidie," mwanamke huyo alimwambia. Muuguzi alicheka, akamwachia upande mmoja wa gunia.