Maisha ya Fundi Piga Tena, Aliyesikiliza Magari

Ndugu, jamaa, majirani, na mafundi wote mliofunga karakana zenu leo kuja kumsindikiza baba yetu: poleni, na asanteni. Wasifu huu alitakiwa kuusoma mdogo wangu, kwa kuwa ndiye aliyefanya kazi bega kwa bega na marehemu kwa miaka kumi na minne. Amekataa. Ameketi pale nyuma, na tangu Jumanne hajatia kitu cha maana mdomoni, kwa sababu kuna maneno yanazunguka kwamba baba alifariki kwa kuwa mwanawe alishindwa kuwasha gari. Mimi ni mtoto wa kwanza, na kazi yangu ni uuguzi. Nitasoma maisha ya baba kwa mpangilio wake, na nikifika kwenye ugonjwa nitasema yote yaliyotokea asubuhi ile. Naomba mnivumilie nikikwama.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Novemba 1957, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha mwisho karibu na tangi la maji. Alikuwa mtoto wa nne kati ya sita. Babu alikuwa mshika bendera wa stesheni na bibi aliuza maziwa. Shangazi, dada yake pekee aliyebaki, anasema baba alichelewa sana kuongea, mpaka wazazi wakaanza kumpeleka huku na huku. Alipofungua kinywa hatimaye, hakuanza na mama wala baba, alianza kwa kuiga breki za treni. "Tulishasema huyu ni bubu," shangazi alituambia juzi, "kumbe mwenzetu alikuwa anasikiliza tu!" Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yakaendelea kutoka.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, na mwaka 1974 alijiunga na chuo cha ufundi, fani ya magari. Huko alifeli mtihani wa mdomo, na hakuwahi kuona aibu kulisema hilo. Msimamizi alimuuliza: "Gari linapiga stata vizuri lakini haliwaki. Utabadilisha kifaa gani?" Baba akajibu, "Sibadilishi kitu, mzee. Kwanza nitamuuliza mwenye gari." Akapewa sifuri. Mwaka uliofuata alirudia mtihani, akaulizwa swali lile lile, akajibu vile vile, ila msimamizi alikuwa mwingine. Akapata cheti chake tarehe 9 Desemba 1977.

Alianza kazi Februari 1978 katika karakana ya kampuni moja ya usafirishaji, akakaa huko miaka kumi na sita. Mwaka 1994 alifungua karakana yake nyuma ya kiwanda cha mikate, mahali ambapo mpaka leo spana zinanuka grisi na mkate kwa pamoja. Hapo ndipo alipopata jina ambalo wengi wenu mnalijua kuliko jina lake halisi. Mteja alipofika na gari lililogoma, baba hakugusa boneti. Alisimama pembeni, akafumba macho, akainua kidole, akasema, "Piga." Stata ikazunguka. "Piga tena." Wapo waliodhani anawafanyia mzaha. Lakini akishasikiliza alikuwa na utaratibu wake, na hakuruka hata hatua moja. Stata ikizunguka kwa nguvu, betri haina kosa, iache. Angalia moto kwenye plagi, yaani ile cheche. Moto ukiwepo, washa swichi bila kupiga stata, utege sikio kwenye tangi usikie kama pampu ya mafuta inanguruma. Isiponguruma, nenda kwenye fyuzi, kisha rilei, kile kiboksi kinachopitisha umeme, kisha fuata waya kwa vidole mpaka mwisho wake.

Mfanyabiashara wa chumvi yuko hapa, ataniruhusu niseme habari zake. Pikapu yake ilipita gereji tatu. Ikabadilishwa plagi, ikabadilishwa pampu, ikabadilishwa betri, na bado ilikuwa inapiga stata tu. Ikafika kwa baba ikivutwa kwa kamba. Baba akamuuliza, "Unabeba nini humu?" Akajibu chumvi. Baba akalala chini ya bodi, akatoka na waya mmoja wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi, uliolika kwa chumvi ukawa kama uzi. Akausugua kwa msasa, akakaza bolti, pikapu ikawaka. "Ndiyo hiyo tu?" mteja akauliza, karibu agombe. "Ndiyo hiyo tu," baba akasema, "ila ilikuwa imejificha."

Alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani, tarehe 18 Aprili 1981. Walikutana pale mjomba wake mama alipoazima gari likamzimikia mbele ya karakana, na mama ndiye aliyeachiwa ufunguo. Baba akamwambia apige. Akapiga. Akamwambia apige tena. Mama alipiga stata karibu nusu saa, mpaka betri ikalegea. Miaka mingi baadaye baba alikiri kwamba alijua tangu mara ya kwanza kuwa tangi halina tone la mafuta. "Sasa ningemwambia mapema, si angeondoka?" alikuwa akisema, na mama anampiga kwa kanga. Waliishi pamoja miaka arobaini na mitatu. Walijaliwa watoto wawili, mimi na mdogo wangu.

Sasa nafika kwenye ugonjwa.

Baba alikuwa na shinikizo la damu kwa miaka tisa, na alimeza dawa zake bila kukosa, kwa kuwa nilikuwa nikimpigia simu kila siku kumuuliza. Jumamosi tarehe 8 Juni 2024, saa moja na robo asubuhi, aliangusha kikombe. Nilikuwa nimelala kwao wikiendi hiyo. Nilipoingia chumbani nikaona uso umevutwa upande, mkono wa kulia umekufa, na sauti haitoki. Nilijua ni kiharusi kabla sijafika kitandani. Tulipiga simu ya gari la wagonjwa, tukaambiwa liko mbali limempeleka mama mjamzito, tusubiri. Mdogo wangu akasema, "Tusisubiri, nawasha pikapu."

Pikapu ya baba ilikuwa imeegeshwa chini ya dirisha la chumba alicholala. Ikapiga stata vizuri kabisa, lakini haikuwaka. Mdogo wangu akapiga tena. Nilimsikia akifungua boneti, akichomoa plagi. Akapaza sauti, "Moto upo!" Kisha kimya, kisha, "Pampu haingurumi!" Alikuwa anatuambia sisi, lakini najua alikuwa anamwambia baba.

Baada ya dakika kumi Mama alitaka tuite teksi. Mimi ndiye niliyesema, "Mama, ngoja, ataiwasha sasa hivi." Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuita teksi kwa sababu ya gari kugoma. Tumekulia kwenye imani kwamba gari likigoma linasikilizwa, linapona. Hilo la kwanza ni kosa langu.

La pili ndilo zito. Kila stata ilipozunguka kule nje, mkono wa kushoto wa baba, ule uliokuwa mzima, ulishuka chini ya godoro. Ulipapasa ubavuni mwa kitanda, kidole gumba kikabonyeza. Kikabonyeza tena. Alinitazama. Akashusha tena mkono, akabonyeza. Mama akasema, "Mwanangu, baba yako anataka kitu huko chini." Mimi nimeuguza wagonjwa wa kiharusi miaka kumi na saba. Nimewaona wakihangaika, wakivuta mashuka, wakijaribu kushuka kitandani na kuanguka. Nikasema, "Anahangaika tu, Mama. Mwache atulie." Nikaukamata ule mkono kwa mikono yangu miwili nikaukandamiza kifuani pake. Nikamwambia, "Tulia, Baba. Tulia, nipo." Alijaribu kuutoa mara mbili. Alikuwa bado na nguvu. Nikakaza.

Jirani yetu mmoja, aliyekuwa ametoka tangu alfajiri, alirudi na gari lake saa mbili na dakika tano, tukampeleka baba kwa hilo. Tulifika hospitali saa mbili na nusu.

Alhamisi, siku mbili baada ya kifo, mdogo wangu aling'oa kiti cha dereva. Chini yake, upande wa kushoto, akakuta swichi ndogo mpya iliyofungwa kwa tepu nyeusi. Inakata umeme wa pampu ya mafuta. Siku chache kabla ya kuugua baba alikuta mlango wa pikapu umechokonolewa na wezi, akaifunga swichi ile kimya kimya. Mama anakumbuka alisema Jumamosi atamwonyesha mwanawe "kitu kipya". Mdogo wangu alinipeleka nikaione. Akakaa kwenye kiti, akashusha mkono wa kushoto ubavuni, akabonyeza kwa kidole gumba. Pampu ikanguruma.

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi.

Kwa hiyo mafundi mliopo hapa, mnaomjua baba na utaratibu wake, nawauliza mbele ya jeneza lake: kijana alikosea wapi? Aliangalia moto. Alisikiliza pampu. Alipita kwenye fyuzi, akapita kwenye rilei, na jirani alipofika alikuwa ameshika waya mkononi, anaufuata kwa vidole, amebakiza kama futi mbili afike chini ya kiti. Hakuruka hata hatua moja. Baba aliyekuwa na jibu alikuwa analitoa, dirishani, kwa mkono aliobaki nao, na mtu aliyemzuia asiliseme ni mimi. Nimemuuliza daktari kama dakika zile zingemwokoa. Akasema hawezi kusema ndiyo, na hawezi kusema hapana. Jibu hilo nitalibeba mwenyewe. Atakayetaka kusema kitu barabarani kuhusu kifo cha baba yetu, alitaje jina langu.

Baba alilazwa siku tatu. Jumatatu alifumbua macho, akamtafuta mama, akampata. Mdogo wangu alisimama mlangoni akaogopa kuingia. Mimi nililia, nikamwomba baba radhi bila kujua bado naomba radhi ya nini. Alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa kumi na dakika ishirini alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Marehemu ameacha mjane, mama yetu, ambaye aliuona ule mkono vizuri kuliko mimi. Ameacha dada mmoja, shangazi yetu. Ameacha wajukuu watatu, na mdogo kuliko wote bado anauliza babu atarudi na gari gani. Ameacha mkwe wa kiume na mkwe wa kike aliowaita wanangu. Ameacha wateja na mafundi ambao hatuwezi kuwahesabu. Ameacha binti, ambaye ni mimi.

Na ameacha mwana wa kiume, mdogo wangu, fundi, ambaye hana kosa. Simama, mdogo wangu, watu wakuone. Simama kabisa.

Mungu ampokee baba yetu na ampe mapumziko yasiyokatizwa na mtu.