Kibali cha Matanga

Benchi la mtaa wa Laini Saba liko mbele ya karakana ya Nyongesa, fundi wa vitanda, na kila jioni hujaa watu wa kahawa. Jioni hiyo ya mwaka wa tisini na nne Nyongesa alirudi kutoka kwa chifu amefura. Ndugu yake Wepukhulu alikuwa mochari siku ya sita, nyumbani Bungoma wanangoja maiti, na chifu amekataza mkutano wa matanga wa kuchanga pesa za safari. Watu wakizidi tisa lazima wawe na kibali. Kibali hutoka kwa Di-O, mkuu wa tarafa, na Di-O haoni mtu asiye na barua ya chifu.

— Si ungemwambia chifu uko na maiti! alisema Opondo, mbishi waliyemwita Katiba.

— Nimemwambia karani wake. Ameniuliza kama maiti iko na barua.

— Chifu si shida, alisema Muli. Huyo aliwahi kufagia ofisi moja ya serikali, na tangu hapo haambiliki. — Shida ni kile kiti. Weka hata mama yako hapo, kesho atakuitisha barua.

— Wacha mama yangu! alifoka Katiba.

— Na kiti ni kidogo, buda. Serikali ni muhuri. Wakubwa wanahamishwa, muhuri inabaki. Siku itapotea, Kenya yote itafungwa kama kioski.

— Uongo! Katiba akaruka. — Serikali ni mafaili. Yanazaana huko kwa kabati. Ukikufa, faili yako inaendelea kuishi, hata inapandishwa cheo!

Benchi lote likaangua kicheko. Nyongesa hakucheka. Ndugu yake amelala kwenye barafu na hawa wanafanya mchezo.

Ndipo akatokea Nelima, mjane wa Wepukhulu, leso kiunoni, ametoka mochari kwa miguu.

— Shemeji, kamati ya matanga iko wapi?

— Chifu amekataa. Tukipita tisa, tunashikwa.

Nelima akawahesabu kwa kidole. Kumi na watatu.

— Na nyinyi hukaa hapa kila siku. Kibali ya hii benchi mlipewa na nani?

Muli akakumbuka mtoto wake ana homa. Mwingine alikuwa na mtu wa kuona mtaa wa Kabiro. Katiba aliondoka bila kumaliza kahawa, na wengine wakamfuata, kila mmoja na shughuli yake.

— Rudini, waoga nyinyi! Nyongesa alipiga kelele. — Mmekula kwa ndugu yangu!

Hakuna aliyegeuka. Walibaki yeye, shemeji yake na muuza kahawa.

Nelima akaketi palipokuwa pa Katiba.

— Haya, alisema. — Sasa hatuhitaji kibali.